Sura ya Tano: Mwaka wa Bei Mbaya

Kikogwe ni shamba jirani na mji wa Pangani. Hapo ndipo mkonge wa kwanza wa nchi hii ulipopandwa, mwaka 1893. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alikuwa ameagiza miche michanga 1,000 kutoka Florida. Ilisafiri kwa meli, ikapitia Hamburg, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyotanda Pangani, Muheza, Korogwe hadi Kilosa na Lindi, na ilipofika 1964 nchi ilivuna tani zipatazo 230,000 kwa mwaka. Wakati huo hakuna nchi nyingine duniani iliyoifikia.

Sura iliyotangulia ilieleza jinsi chama cha biashara kinavyoundwa. Sura hii inahusu mwaka ambao chama hupimwa: mwaka wa bei mbaya. Nimechagua mkonge kwa sababu wenye mashamba yake walikuwa na chama imara kuliko karibu vyote vilivyowahi kuwepo pwani hii, na kwa sababu miaka mibaya iliwakuta zaidi ya mara moja. Mwenye kitalu cha maua, mtengeneza bustani za hoteli na mkulima mdogo wa mkonge wote wanaweza kujifunza humo.

Tuanze na mmea wenyewe, maana tabia yake ndiyo inayoeleza tabia ya soko. Mkonge ukipandwa leo, utaanza kukatwa baada ya miaka mitatu hivi, kisha utaendelea kukatwa mwaka hadi mwaka mpaka utakapotoa mlingoti, uchanue na kufa. Aliyepanda bei ikiwa nzuri atavuna kwa bei yoyote atakayoikuta. Tena, katika kila kilo 100 za majani, singa, yaani nyuzi, ni kama kilo nne tu. Nyingine zote ni maji na makapi. Kwa hiyo lazima korona, yaani kiwanda cha kutoa singa kwenye majani, iwe karibu na shamba, iwe na maji mengi, na majani yafike yakiwa bado mabichi. Gharama hizo hazipungui eti kwa sababu London wamepunguza bei.

Sasa bei imeanguka. Mwenye shamba anapiga hesabu na kuona kuwa akikata majani mengi zaidi, gharama ya korona itagawanyika kwa tani nyingi, naye atapona. Kwake hesabu hiyo ni sahihi. Lakini jirani yake naye ameipiga hivyo hivyo, na wa Korogwe kadhalika, na wa Kenya pia. Singa zinafurika sokoni na bei inazidi kuzama. Ndivyo ilivyokuwa katika mdororo wa dunia wa miaka ya 1930: bei ilishuka chini ya nusu, huku tani zilizosafirishwa kutoka Tanganyika zikizidi kuongezeka. Mwenye kitalu anaujua mtego huu. Hoteli zikiacha kuagiza, miche haiachi kukua kwenye viriba. Yeye anashusha bei ili aiondoe, wenzake wanamfuata, na mwisho wa msimu wote wameuza kwa hasara.

Chama hakiwezi kuamuru soko lipande. Kazi ya kwanza ya kiongozi wake ni nyingine, nayo ni kutambua huu ni mwaka mbaya wa aina gani na kuwaambia wanachama bila kuwaficha. Historia ya mkonge inatuonyesha aina tatu.

Aina ya kwanza ni ule wa miaka ya 1930. Mteja yupo na anakihitaji kitu chako, ila hana fedha. Mwaka huo unavumilika, kwa kuwa mteja atarudi. Linalotakiwa ni kulinda vitu ambavyo vikishakufa havifufuki. Ni katika muongo huo huo kazi ya kuchanganya mbegu za mkonge, iliyoanzia Amani kule Usambara, ilipohamia kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza. Baadaye wenye mashamba wakakigharimia kituo hicho kwa michango yao kupitia chama. Matunda yake yalikuwa chotara aliyepewa namba 11648, anayeweza kutoa majani mara mbili na zaidi ya mkonge wa Hindorf. China inaulima mkonge huo mpaka leo. Mwenye shamba mmoja, hata angekuwa tajiri kiasi gani, asingesubiri miaka yote hiyo kwa mfuko wake peke yake.

Aina ya pili ni mwisho wa neema ya ghafla. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, mataifa makubwa yalikimbilia kuweka akiba ya kamba na nyuzi, na bei ya mkonge ikapaa kuliko wakati wowote. Kufikia 1953 haikufika hata nusu ya ilivyokuwa mwaka 1951. Aliyeona mwaka 1953 kuwa janga alikosea kipimo, kwa kuwa kilichokuwa cha ajabu ni mwaka 1951. Mwaka wa namna hii humuuliza kiongozi alifanya nini wakati wa neema. Ada hukusanywa kwa urahisi mifuko ikiwa imejaa, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Chama kinachongoja shida ndipo kianze kuchangisha kitakuta milango imefungwa.

Aina ya tatu ndiyo ya hatari: mteja anaondoka moja kwa moja. Wanunuzi wakubwa wa singa walikuwa wakulima wa Ulaya na Marekani, waliozitumia kufungia majani makavu na mazao. Katika miaka ya 1960 zikaingia kamba za plastiki. Kuanzia 1964 bei ilianza kuporomoka. Mwaka 1967 nchi zinazolima mkonge zilipatana, chini ya FAO, kugawana viwango vya kuuza, lakini mapatano hayo hayakuwa na nguvu ya sheria, na hakuna kiwango kinachomrudisha mteja aliyekwishapata kitu kingine. Oktoba mwaka huo Serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa ikivuna tani kama 20,000. Katika mwaka wa aina hii kuvumilia ni kosa. Kiongozi anatakiwa kuwaambia wenzake, mapema na kwa uchungu, kwamba kitu wanachouza lazima kibadilike: magunia, mazulia, kamba za kazi maalumu, hata gesi na mbolea kutokana na yale makapi yaliyokuwa yakitupwa.

Lipo swali jingine ambalo kila mwaka mbaya huliuliza: mzigo utabebwa na nani? Hapa chama cha mkonge hakina la kutufundisha ila kwa kosa lake. Katika miaka ya 1930 wenye mashamba walikata ujira wa kipande, ile kadi ya siku thelathini za kazi. Mwaka 1944 chama kikaunda SILABU, ofisi iliyokwenda kuandikisha manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea na hata ng'ambo ya mipaka, ili mashamba yasishindane kwa kupandisha ujira. Kwa macho ya biashara ulikuwa umoja uliopangwa vizuri. Kwa macho ya manamba, aliyekuwa mbali na kwao akikata majani yenye miiba tangu alfajiri, ulikuwa umoja dhidi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 migomo ilitikisa mashamba, na wafanyakazi wakawa na chama chao chenye nguvu, kikiongozwa na Victor Mkello. Ulipofika mwaka 1964, wenye mashamba walikuwa na fedha, maabara na wataalamu, lakini hawakuwa na watu wa kusimama nao. Chama kinachompa aliye dhaifu kuliko wote mzigo wote kinanunua mwaka mmoja wa nafuu kwa deni la miaka mingi.

Leo picha imegeuka. Bodi ya Mkonge ina makao yake Tanga, na huko Korogwe wakulima wadogo wamejiunga katika vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS) vya Magunga, Hale, Mwelya, Ngombezi na Magoma. Mwenye ekari chache hana korona yake. Anategemea ya pamoja, na foleni yake ikichelewa majani yanaharibika. Hapo kiongozi wa chama halindi tu bei. Analinda zamu ya korona, ukweli wa mizani na siku ya malipo. Mkulima mdogo anaweza kuvumilia bei ndogo aliyoelezwa sababu yake. Asichovumilia ni kutojua singa zake zimeuzwa wapi na kwa kiasi gani.

Ewe uliyekabidhiwa chama, kiwe cha mkonge, cha vitalu au cha watengeneza bustani, mwaka mbaya ukija itisha mkutano kabla uvumi haujaitisha wa kwake. Fungua daftari la fedha mbele ya wote. Sema huu ni mwaka wa aina gani, na kama hujui, sema unatafuta. Usiuze kilicho cha wote ili kuziba pengo la wachache, na anza kupunguza juu, kwa viongozi, kabla hujamfikia kibarua. Kati ya miche 1,000 ya Hindorf ilipona 62, nayo ilitosha kuanzisha kila kitu. Linda hiyo 62 yako.