Hewa ya Dar inapimwa kwa kopo la mkaa

Kabla mama lishe wa Manzese hajabandika chai ya alfajiri, mkaa wake umeshasafiri mbali. Ulichomwa kwenye tanuri la udongo, Morogoro, Pwani, Tanga au Lindi, ukafungwa lumbesa, ukapakiwa kwenye lori, ukashushwa kwa muuzaji wa jumla, kisha ukapimwa kwa kopo kibandani. Kila hatua ina familia inayokula kwayo. Moshi wa mwisho anauvuta mama lishe.

Ndiyo maana mpango wa hewa safi wa Dar es Salaam hauwezi kuishia kwenye mipaka ya jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi milioni 4.36; ya 2022, milioni 5.38. Jiji hili pekee hukadiriwa kutumia takriban nusu ya mkaa wote wa nchi.

Moshi wa jiji si wa mkaa tu, ni wa magari pia, na barabarani mageuzi yameshaanza. Usafiri wa mabasi ya haraka, Mwendokasi, ulianza 2016 kwa mabasi ya dizeli kwenye njia ya kilomita 21. Kwa njia ya Mbagala, mabasi ya gesi ndiyo yaliyochaguliwa. Madereva wa bajaji na teksi nao wanafunga mitungi ya gesi asilia, nishati inayofika Dar kwa bomba kutoka Songo Songo tangu 2004. Kinachowavuta ni hesabu ya jioni: gesi ni nafuu kuliko petroli. Kinachowakera ni foleni, maana vituo bado ni vichache, na saa ya kusubiri ni saa isiyo na abiria.

Jikoni kazi ni ngumu zaidi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Lakini mtungi wa gesi hujazwa kwa mkupuo, na mwenye kipato cha kutwa hununua cha kutwa. Mkaa unamfuata kwa kipimo hicho hicho.

Kampuni ya KopaGas ililiona hilo mapema. Ilitengeneza mita inayofungwa kwenye mtungi, mteja akalipia kwa simu kiasi anachotaka kupikia leo. Mwaka 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na Circle Gas ya Uingereza kwa dola milioni 25. Soko lipo, na wazo lilizaliwa hapa hapa.

Kanuni za viwango vya ubora wa hewa Tanzania inazo tangu 2007. Sasa Dar na mikoa inayoilisha mkaa ikae meza moja: ipime hewa kila siku na kutangaza matokeo, iongeze vituo vya gesi, na impe muuza mkaa mtaji wa kuwa wakala wa gesi ya kulipia kidogo kidogo. Wateja anao tayari, na anawajua kwa majina.