Je, Ulipie Meza ya Kiamsha Kinywa Kabla ya Kufika Pwani?

Desemba ikikaribia, familia nyingi za Kitui na Makueni huanza kupanga safari ya Mombasa au Diani. Wengine watapanda Madaraka Express pale Emali, Kibwezi au Mtito Andei. Wa Kitui wanaweza kushuka kwa barabara ya Mutomo hadi Kibwezi. Halafu simu inalia: "Tuma pesa kidogo tukuhifadhie meza ya asubuhi, hoteli itajaa."

Utume? Mara nyingi, hapana. Tuangalie pamoja kwa nini, na ni lini jibu hubadilika.

Angalia kwanza ulicholipia

Kwenye booking yako tafuta herufi mbili. BB ni chumba na kiamsha kinywa. HB inaongeza mlo mmoja, kwa kawaida wa jioni. FB ni milo yote mitatu. Ukiona mojawapo, chai ya asubuhi ulishailipia. Katika hoteli nyingi za pwani chakula hicho ni cha kujipakulia, na unakaa panapopatikana. Meza ambayo huhitaji kuhifadhiwa ni ile ya mkahawa wa jioni, wa kuagiza kwa menyu. Kwa hivyo ukiombwa pesa ya meza ya asubuhi, uliza: hii ni ya nini, na mbona haiko kwenye booking yangu?

Hesabu asubuhi, sio siku

Treni inayosimama stesheni zetu hutoka Nairobi saa mbili asubuhi na kufika Mombasa mwendo wa saa nane mchana. Siku ya kwanza, basi, hakuna kiamsha kinywa cha hoteli. Ukilala siku tatu, asubuhi zako ni tatu, hata kama safari nzima ni siku nne.

Ya kurudi nayo huondoka Mombasa saa mbili asubuhi, kutoka Miritini, na unatakiwa kufika mapema ukaguliwe. Kama unalala Diani, huenda ukatoka kabla jikoni hawajafungua. Meza hapo haina kazi. Waambie mapokezi jioni iliyotangulia wakufungie chakula cha kubeba, na uulize kama kimo kwenye bei uliyolipa.

Lini inafaa kuhifadhi

- Mkiwa kundi kubwa, kama chama au ukoo mzima, na mnataka kukaa pamoja.
- Kama hulali hapo, unaingia kula tu.
- Ukienda Tsavo West kupitia geti la Mtito Andei na unataka kula kwenye lodge. Geti hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa hivyo piga simu mapema waseme watakupokea saa ngapi. Kumbuka ada ya kuingia mbugani ni ya KWS na hulipwa kupitia eCitizen. Usiichanganye na pesa ya chakula.

Hata hapa, uliza kwanza kama wanaweza kuandika jina lako bila malipo ya awali.

Ukiamua kulipa

1. Piga namba ya hoteli uliyoitafuta mwenyewe, sio ile iliyokutumia SMS.
2. Lipa kwa Till au Paybill ya hoteli. Ukipewa namba ya mtu binafsi, simama hapo.
3. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Lisipolingana na hoteli, katiza.
4. Kwa Paybill, sehemu ya akaunti andika namba ya booking.
5. Omba ujumbe unaosema tarehe, saa, idadi ya watu, na kama pesa hiyo itapunguzwa kwenye bili.
6. Usifute SMS ya malipo hadi urudi nyumbani.

Ukikosea namba, omba pesa irudishwe papo hapo. Aliyepokea akishaitoa, kuipata ni kazi ngumu. Na hakuna hoteli, wala sisi, tutakaokuuliza PIN yako.

Pesa ya likizo mara nyingi imetoka kwa maembe, ndengu au mshahara wa mwaka mzima. Usichukue mkopo wa simu kulipia kiti ambacho tayari ni chako. Fungua booking yako leo, tafuta zile herufi mbili, kisha ndio uamue.