Ukiisikia Mkononi, Angalia Shafti

Gari likigonga mbele kwenye barabara zetu za Ibaba, wilayani Ileje, kila mtu ana jibu. Kijana wa bodaboda atakuambia ni boljointi. Kondakta wa Noah atasema ni shokapu. Muuza spea wa Tunduma atasema ni vyote viwili, maana vyote anavyo dukani. Shafti ya stelingi hutajwa mwisho, pesa zikiwa zimeshakwisha.

Mwalimu mmoja wa huku ana Toyota Celica ya mwaka 1994, ile ya milango miwili yenye taa nne za duara usoni. Ni gari la michezo, chini kabisa, na sielewi mtu mwenye akili timamu alilipandishaje milima ya Ileje. Yeye ana sababu yake. Mwaka huohuo wa 1994 Ian Duncan wa Kenya alishinda Safari Rally kwa Celica, mwenyeji wa kwanza kushinda tangu Shekhar Mehta mwaka 1982. Mwalimu akianza habari hiyo hamalizi. Huwa namkumbusha kwamba Celica ya Duncan ilikuwa ya toleo lililotangulia, yenye turbo, inavuta kwa tairi zote nne, na nyuma yake kuna kikosi kizima cha mafundi. Yake inavuta kwa tairi za mbele tu, na ina mimi.

Aliponijia alikuwa ameshabadilisha tai rodi endi na shokapu za mbele. Kugonga kulikuwa palepale. Akasema, "Fundi, nikipita kwenye makorongo naisikia mkononi kabla sijaisikia sikioni." Kauli hiyo ilinitosha kuanza kutafuta ndani ya gari badala ya kulala chini yake.

Watu wengi hudhani usukani umeungwa moja kwa moja na raki, yaani kile chuma kirefu kinachosukuma tairi kulia na kushoto. Haiwezekani, kwa sababu nguzo ya usukani inashuka kwa mshazari na raki imelala chini nyuma ya injini. Kati yao kuna shafti fupi yenye krosi jointi, ndugu wadogo wa zile za propela shafti ya lori. Kila krosi ina mikono minne, na kila mkono unazunguka ndani ya beringi ya visindano vyembamba. Mwishoni shafti ina meno yanayoshikana na meno ya pinioni ya raki, na bolti moja inayabana. Grisi ikikauka, au mpira unaoziba tundu la sakafuni ukichanika, vumbi la kiangazi na maji ya masika hupenya. Visindano vinalika, krosi inalegea, na kila shimo la barabarani linapiga hodi hadi kwenye viganja vya dereva.

Kulitambua tatizo hili hakuhitaji kompyuta. Nilijipenyeza chini ya dashibodi na tochi mdomoni, injini imezimwa, mwalimu kashika usukani. Nikamwambia autikise kidogo kidogo, kulia na kushoto, bila kuuzungusha. Nikaweka kidole gumba upande wa juu wa krosi na cha shahada upande wa chini. Krosi iliyo nzima inakwenda pamoja, vidole viwili vinasogea kama kimoja. Ya mwalimu upande wa juu ulikuwa unaondoka, wa chini unasubiri, kisha unafuata kwa kishindo kidogo. Toyota huruhusu usukani ucheze mpaka milimita 30 ukipima kwenye duara lake kabla tairi haijaanza kugeuka. Mwalimu alitoa rula mfukoni, akapima mwenyewe, akanyamaza. Ilikuwa imepita.

Mtu mmoja aliyekuwa akisubiri pikipiki yake akashauri tuichomelee. Ushauri huo nausikia sana, hasa kwa waliozoea Tunduma, ambako malori yanapanga foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, na chuma kilichovunjika huungwa papo hapo ili safari iendelee. Bodi ya tela chomelea. Shafti ya stelingi hapana. Krosi iliyochomelewa haikunjiki tena, kwa hiyo usukani unakuwa mzito na nguvu yote inahamia kwenye meno na raki. Moto nao unaharibu ugumu wa chuma. Mwaka 2012 Toyota wenyewe waliyaita yarudi kwa matengenezo magari zaidi ya milioni 2.7 duniani, yakiwemo Prius na Corolla, kwa sababu baadhi ya shafti za stelingi hazikuwa na ugumu wa kutosha na meno yake yangeweza kulika. Kama kiwandani jambo hilo liliwatia hofu, shafti iliyopikwa kwa fimbo ya kuchomelea chini ya mwembe tuiamini vipi?

Shafti mpya ya gari la umri huo ni shida kuipata, kwa hiyo tuliagiza ya mtumba kutoka Ilala, Dar es Salaam, ikaja na basi. Nilidai mambo mawili tu: itoke kwenye gari la aina ileile ya chesisi, ST202, na la usukani wa kulia. Zambia na Malawi nako wanaendesha kushoto kama sisi, ndiyo maana spea za ng'ambo ya mpaka hutufaa. Muuzaji nilimwomba anitumie video akiikunja krosi kwa mkono, si picha. Krosi iliyokufa hupendeza sana kwenye picha.

Kuifunga kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Tairi zinyooke. Ondoa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90, kwa magari yenye eabegi. Funga usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke, kwani chini yake kuna utepe wa waya unaokatika ukizungushwa kupita kiasi. Weka alama ya rangi inayopita kwenye shafti na kwenye pinioni ya raki. Bolti zichomolewe kabisa. Kuzilegeza hakutoshi, maana kila moja inapita kwenye mfereji uliochongwa kwenye shafti. Ikigoma, mafuta ya kulegeza kutu na subira. Nyundo iache. Nguzo ya usukani imetengenezwa ibonyee gari likigongana, na ukiipigapiga unaanza kuibonyeza mwenyewe.

Shafti ya aina hii huwa na sehemu inayoingia ndani ya nyingine, na hapo mafundi wengi huteleza. Ukiitenganisha, uma za krosi mbili zirudi zikiwa zimelingana. Krosi moja iliyokunjwa haizungushi kwa mwendo sawa: inakimbia kidogo, inachelewa kidogo. Krosi ya pili hufuta kasoro hiyo ikiwa tu imepangwa sawa na ya kwanza. Zikipishana, usukani unakuwa mwepesi, mzito, mwepesi, mzito, na mwenye gari ataanza kulaumu pampu ya pawa stelingi.

Ukimaliza na ukakuta usukani umekaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja, usikimbilie kupima alaimenti. Umekosea jino moja. Fundi wa alaimenti ataunyoosha kwa kuchezea tai rodi, na matokeo yake usukani utakata zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Chomoa bolti, sogeza jino, funga tena. Wa mwalimu ulikaa sawa kwa sababu ya ile alama ya rangi. Alishuka na gari mpaka kwenye lami ya Isongole na kurudi, na nikakaza bolti zote mara ya pili mbele yake. Sasa anauliza bei ya turbo.