Njaa, Hamu na Utamu: Afyuni Asilia za Ubongo na Ulaji wa Binadamu

1. Utangulizi

Mswahili huona njaa, huwa na hamu ya kula, kisha huonja utamu wa chakula. Maneno haya matatu huandamana mara nyingi hata yakadhaniwa kuwa na maana moja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ubongo nao huyatenganisha mambo hayo, na kwamba utenganisho huo una manufaa kwa anayefundisha na anayetibu. Tumeuchagua mji wa Kindu, makao makuu ya Jimbo la Maniema, ambako masomo ya chuo kikuu hutolewa kwa Kifaransa, ilhali mambo ya jikoni na sokoni huzungumzwa kwa Kiswahili.

2. Afyuni asilia ni nini?

Tangu kale watu walijua kwamba afyuni hutuliza maumivu. Mnamo mwaka 1973 watafiti walithibitisha kwamba seli za ubongo zina vipokezi vinavyonasa dawa za jamii hiyo. Ndipo likazuka swali: kwa nini ubongo wa binadamu uwe na vipokezi vya utomvu wa mmea? Jibu lilitolewa mwaka 1975, pale John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Uskoti, walipoeleza kwamba ubongo hujitengenezea vitu vya namna hiyo, wakaviita enkefalini. Endofini na dinofini ni ndugu zake.

Kuhusu istilahi, Kiswahili kina maneno mawili: afyuni na kasumba. Hili la pili limekwisha kubeba maana ya fikra potofu zilizomganda mtu akilini, kama katika “kasumba ya ukoloni”. Kutaja “kasumba za ubongo” kungempotosha msomaji. Kwa hiyo tunatumia afyuni asilia.

3. Kazi yake katika ulaji

Njaa ni taarifa ya upungufu. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni ya ghrelini, nayo huiarifu hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia mahitaji ya mwili. Hamu ni msukumo wa kukiendea chakula, na hapo dopamini ndiyo yenye kazi kubwa. Utamu ni ile raha ya chakula kikiwa mdomoni, na hapa ndipo afyuni asilia zinapotawala.

Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba panya aliyepokonywa dopamini haendi kula hata chakula kikiwa mbele yake. Lakini akitiwa sukari mdomoni, bado hujilamba kwa raha. Kinyume chake, afyuni zikichochewa katika sehemu ndogo maalumu za ubongo, panya huonyesha raha zaidi na hula zaidi, hasa vyakula vya mafuta na sukari. Kwa upande wa binadamu, waliopewa naloksoni au naltreksoni, dawa zinazoziba vipokezi vya afyuni, walikiona chakula kuwa kitamu kidogo kuliko kawaida na kula kiasi kidogo zaidi, ingawa njaa yao haikubadilika sana.

Tuchukue mfano wa Kindu. Mezani pana wali wa mpunga, zao ambalo Waungwana walilieneza katika bonde la Lualaba katika karne ya 19, pamoja na sombe iliyoungwa kwa mawese. Sahani ya kwanza huliwa kwa njaa, na wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Sahani ya pili, baada ya tumbo kutulia, mara nyingi huliwa kwa utamu.

4. Umuhimu wake

Katika matibabu ya utapiamlo mkali nchini Kongo, mtoto hupewa kwanza jaribio la hamu ya kula: huletewa mchanganyiko mzito wa karanga, maziwa, sukari na mafuta uliofungwa tayari. Akila vizuri na akiwa hana ugonjwa mwingine mzito, hutibiwa akiwa nyumbani. Akikataa, hulazwa, kwa kuwa kukosa hamu huweza kuashiria maambukizo au hitilafu kubwa mwilini. Chanzo cha hali hiyo si afyuni pekee. Hata hivyo, mama akiambiwa tu kwamba mtoto “hana njaa”, anaweza kudhani ameshiba au ni mkaidi, akarudi naye nyumbani. Kauli sahihi ni hii: mwili wake una njaa, bali hamu imemtoka. Tofauti ya neno moja hapa yaweza kuokoa maisha.

Hali kadhalika, anayeshindwa kujizuia kula huitwa mlafi au mroho, kana kwamba yote ni tabia. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha dawa ya kupunguza uzito inayochanganya naltreksoni na bupropioni. Dawa inayogusa vipokezi vya afyuni isingemsaidia mtu huyo iwapo tatizo lake lingekuwa utovu wa adabu tu.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba njaa, hamu na utamu ni mambo matatu yanayoshirikiana, lakini kila moja huweza kupotea peke yake. Kiswahili kilikuwa na maneno hayo kabla ya maabara kuyatafutia seli zake. Ni wajibu wa wanafunzi wetu wa tiba na wa lugha kuyatumia kwa uangalifu, ili elimu iliyopatikana kwa Kifaransa imfikie mama aliyeketi na mwanawe kwenye benchi la zahanati.