Sarah Polley
Sarah Polley (amezaliwa Toronto, 8 Januari 1979) ni mwigizaji, mwandishi wa miswada na mwongozaji wa filamu kutoka nchini Kanada.

Uigizaji

Alianza kuigiza akiwa mtoto mdogo. Katika filamu ya Terry Gilliam, *The Adventures of Baron Munchausen* (1988), alifanya kazi karibu na milipuko iliyomtia hofu kubwa. Baadaye, akiwa mtu mzima, alieleza waziwazi kwamba watoto hawalindwi vya kutosha katika kazi hiyo. Mwaka 1990 alianza kuigiza kama Sara Stanley katika tamthilia ya televisheni *Road to Avonlea* iliyompa umaarufu Kanada nzima. Mwaka huohuo mama yake, Diane, naye mwigizaji, alifariki kwa saratani.

Ukubwani alionekana katika *The Sweet Hereafter* (1997) ya Atom Egoyan, kisha katika filamu ya kutisha *Dawn of the Dead* (2004). Ni vigumu kupata filamu mbili zilizo mbali hivyo.

Uongozaji

Filamu yake ndefu ya kwanza, *Away from Her* (2006), inatokana na hadithi ya Alice Munro kuhusu mume ambaye mkewe anapoteza kumbukumbu. Polley alikuwa na miaka 27 tu, lakini alisimulia uzee bila kuuhurumia kupita kiasi. Mswada wake uliteuliwa kuwania Tuzo ya Oscar, na Julie Christie akateuliwa kama mwigizaji bora wa kike.

*Stories We Tell* (2012) ni filamu ya hali halisi kuhusu familia yake mwenyewe. Nyumbani walizoea kumtania kwamba hafanani na baba yake, Michael Polley. Utani ukawa kweli: baba yake wa damu ni mtayarishaji wa filamu Harry Gulkin. Polley aliwaacha ndugu na baba wote wawili wasimulie, kila mmoja kwa namna yake, akachanganya picha halisi za zamani na nyingine zilizoigizwa. Mtazamaji huchelewa kugundua tofauti. Michael, aliyemlea, ndiye anayesoma masimulizi.

Mwaka 2015 aliumia kichwa, na athari zake zilimpunguzia kazi kwa miaka kadhaa. Alirudi kuongoza kwa *Women Talking* (2022), kutoka riwaya ya Miriam Toews: wanawake wa jumuiya ya Wamenno, baada ya kubakwa na wanaume wao, wanajadiliana kama wabaki wapigane au waondoke. Filamu hiyo ilimpa Tuzo ya Oscar ya mswada bora uliotokana na kazi nyingine, Machi 2023.