KISIWA KILICHONUNULIWA KWA AJILI YA GEREZA

Wasomaji wetu wakaao Gatina, upande wa Kawangware katika jiji la Nairobi, wajua vema thamani ya ardhi. Huko kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho ni kama sehemu ya nane ya ekari, huweza kubeba vyumba vya jamaa nyingi. Mtu atakaye kukinunua huitazama hati kwanza, humwita mpimaji, huwauliza majirani kama pana kesi, ndipo afungue mfuko wake. Je, Serikali nayo inunuapo ardhi kwa fedha za watu wote, hufanya uangalifu kama huo? Twachagua mfano wa gereza, maana gereza ni jengo ambalo watu wachache hupenda kulizungumza, na penye kimya hesabu hupotea upesi.

Mfano wetu watoka Unguja. Mwaka 1893, miaka mitatu baada ya Zanzibar kuwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza, Lloyd Mathews, aliyekuwa Waziri wa Kwanza wa Serikali ya Sultani, alinunua kisiwa cha Changuu ili kijengwe gereza. Kisiwa hicho kipo mwendo mfupi wa mashua kutoka Mji Mkongwe. Urefu wake ni kama mita 800, na palipo papana zaidi hapazidi mita 230 au karibu na hapo. Karani yeyote aweza kuzidisha: hata kama kingekuwa cha pembe nne sawasawa, kisingefika ekari 46. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1860, kilitumiwa kuwafungia watumwa wakaidi.

Majengo yalijengwa. Kuta zikasimama, vyumba vikaezekwa, na jina la Kisiwa cha Magereza likaenea hata leo wageni hulitumia. Lakini hakuna mfungwa hata mmoja wa Serikali aliyepata kufungwa humo. Badala yake pakafanywa karantini, mahali pa kuwaweka wasafiri wa melini walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza, wasiyalete mjini. Haikosi wapo watakaosema kwamba fedha haikupotea, kwa kuwa majengo yalipata kazi nyingine tena ya maana. Ni kweli, bandari ile ilihitaji karantini. Lakini mtu aliyejenga zizi la ng'ombe, kisha akafugia kuku, asituambie kuwa alikusudia kuku tangu mwanzo. Anayelipa kodi ana haki ya kuuliza ni nani aliyekadiria idadi ya wafungwa kabla ya kununua.

Tuje sasa kwenye jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama, nalo ni utengenezaji wa kiwanja. Ardhi ikiisha kununuliwa, hapana budi isawazishwe, mifereji ya maji ya mvua ichimbwe, barabara ya kuingilia itengenezwe, na kingo zipandwe majani zisimomonyoke. Kazi hizo ni za lazima, na mkulima aliyechimba makinga-maji shambani mwake hahitaji kufundishwa hayo. Tena ni vigumu kuzihesabu baadaye. Ukuta ukijengwa, waweza kuyahesabu mawe. Udongo uliosombwa ni nani ataurudisha aupime? Miti nayo ikipandwa kabla ya ujenzi, malori ya mawe na saruji huikanyaga, ikabidi inunuliwe mara ya pili. Na tusisahau kwamba bustani zilizoko mbele ya magereza yetu mengi, zenye mawe yaliyopakwa chokaa, hutunzwa na wafungwa wenyewe. Hati ya malipo ikionyesha fedha nyingi kwa maua peke yake, yafaa karani aliyeipokea aisome mara mbili kabla ya kuipiga muhuri.

Ardhi ya gereza yaweza kupotea pia baada ya gereza kujengwa. Kamiti, kaskazini ya Nairobi, ilianza kazi katika miaka ya 1950 wakati wa Hali ya Hatari, ikapewa eneo kubwa la mashamba. Humo ndimo Dedan Kimathi alimonyongwa na kuzikwa tarehe 18 Februari 1957, na kwa miaka mingi jamaa yake wameomba waonyeshwe kaburi lake. Mwaka 2003 Serikali ya Kenya iliweka Tume chini ya Paul Ndung'u ichunguze jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Taarifa yake ilitolewa mwaka 2004, na ardhi za magereza zilikuwa miongoni mwa zile zilizotajwa. Basi waliolipia ardhi hiyo mara ya kwanza huenda siku moja wakatakiwa kuinunua tena.

Katiba ya mwaka 2010 imeweka njia ya kuuliza. Kifungu cha 40 chaamuru kwamba mwenye ardhi inayotwaliwa kwa faida ya umma alipwe fidia ya haki tena bila kukawia. Kifungu cha 229 chamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atoe taarifa katika miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na Bunge liijadili na kuchukua hatua katika miezi mitatu baada ya kuipokea. Taarifa hizo ni za watu wote. Asomaye na atafute mistari mitatu: bei ya ardhi, jina lililo kwenye hati, na gharama ya kutengeneza kiwanja kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Huko Changuu, mwaka 1919 kobe wanne wakubwa waliletwa kutoka Shelisheli, zawadi ya gavana wa visiwa hivyo. Wakazaana. Wageni sasa hulipa nauli ya mashua na kiingilio ili wawaone wakila majani, kisha huonyeshwa vyumba vya gereza.