Mtu mzima mmoja anayerudi

Mwaka 1955, katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, Marekani, walizaliwa watoto 698 ambao watafiti waliwafuatilia hadi ukubwani. Wanasaikolojia Emmy Werner na Ruth Smith waliwatazama kwa makini zaidi waliokulia kwenye shida nyingi kwa pamoja: umaskini, ugomvi wa wazazi, ulevi au ugonjwa wa akili nyumbani. Wengi waliyumba. Hata hivyo, takriban theluthi moja walikua vizuri, wakasoma na kushika kazi. Nyuma yao karibu kila mara alikuwepo mtu mzima aliyewajali kwa dhati. Kwa baadhi yao alikuwa bibi au shangazi, na kwa wengine mwalimu, jirani au mzee wa kanisa.

Sehemu ya sababu iko mwilini. Kijana anayeishi kwa hofu hukaa na homoni za msongo, kama kotisoli, kwa muda mrefu mno, hadi usingizi na umakini darasani vinaharibika. Akiwa na mtu anayemwamini, mwili hutulia mapema zaidi baada ya mshtuko.

Utafiti wa mwaka 1995 kuhusu vijana 959 wa Big Brothers Big Sisters, shirika la Marekani linalowaunganisha vijana na walezi wa kujitolea, ulionyesha kuwa baada ya miezi 18 waliopewa mlezi walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 46 wa kuanza dawa za kulevya kuliko waliokuwa bado wanasubiri. Lakini uchambuzi wa baadaye ndio unaonigusa zaidi: faida kubwa ilikuwa kwa uhusiano uliodumu mwaka mmoja au zaidi. Vijana ambao mlezi wao alipotea ndani ya miezi mitatu walijithamini kidogo kuliko mwanzo.

Kwa hiyo wewe kocha wa mtaani, fundi wa gereji au ustadhi wa madrasa, ahidi kidogo utakachokitimiza. Dakika kumi kila Jumamosi, bila kukosa, zinatosha kuanzia. Muulize kijana habari zake, kisha msikilize bila kukimbilia kumhubiria. Mkutane mahali pa wazi, na mzazi ajue.

Akikueleza kuhusu kipigo, kuingiliwa kimwili au mawazo ya kujiua, usimwahidi siri. Mpeleke kituo cha afya au kwa ofisa ustawi wa jamii. Tanzania na Kenya, simu ya msaada kwa watoto ni 116, na hupigwa bure.